Elimu ya afya ya ujinsia kwa watu waliojeruhiwa uti wa mgongo

Elimu ya afya ya ujinsia kwa watu waliojeruhiwa uti wa mgongo ni sehemu ya huduma za utengamao. Humfundisha mtu aliyepooza kutokana na jeraha la mgongo, pamoja na mwenzi wake, jinsi mwili unavyofanya kazi baada ya ajali katika tendo la ndoa, hedhi, uzazi, uzazi wa mpango na kinga dhidi ya magonjwa ya zinaa. Humfundisha pia kutambua hatari chache ambazo mtu asiyejeruhiwa hana haja ya kuzifikiria. Kubwa kati ya hizo ni kupanda ghafla kwa shinikizo la damu.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 250,000 na 500,000 duniani hupata jeraha la uti wa mgongo. Mwaka 2024 shirika hilo lilitaja kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na hali hiyo. Wengi hujeruhiwa wakiwa vijana au watu wazima wa umri wa kuoa, kuolewa na kuzaa. Hata hivyo, swali la unyumba ndilo ambalo mgonjwa huondoka nalo hospitalini bila kujibiwa mara nyingi: yeye anaona haya kuuliza, na mhudumu anaona haya kuanza.

Makala hii inaeleza somo lenyewe, kisha inatazama hali ya Tanzania kwa mfano wa Kintinku, kata ya Wilaya ya Manyoni katika Mkoa wa Singida, iliyo mbali na hospitali kubwa zinazotibu majeraha haya.

Maana ya jina

Katika Kiswahili cha kila siku "uti wa mgongo" ni jina la vitu viwili: safu ya mifupa ya mgongo yenye pingili nyingi, na ugwe laini wa neva unaopita ndani ya pingili hizo kutoka ubongoni. Mtu anaweza kuvunjika pingili bila ugwe kuguswa, naye akapona na kutembea. Kupooza hutokea ugwe unapobanwa, unapochubuka au unapokatika. Tena, "homa ya uti wa mgongo" ni jambo jingine kabisa: ni ugonjwa wa kuvimba kwa utando unaofunika ubongo na ugwe huo.

Wataalamu hutaja mahali pa jeraha kwa herufi na namba. C ni shingo, T ni kifua, L ni kiuno na S ni eneo la nyonga. Namba huongezeka kadiri mtu anavyoshuka. Jeraha la T6, kwa mfano, liko kwenye usawa wa kifua. Kila mgonjwa anafaa kujua herufi na namba yake kama anavyojua jina lake, kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo hutegemea hiyo. Anafaa kujua pia kama jeraha ni kamili, yaani hakuna hisia wala mjongeo wowote kwenye sehemu ya chini kabisa ya ugwe, au si kamili.

Mwili baada ya jeraha

Hamu ya ngono hutoka ubongoni na kwenye homoni, na vyote viwili haviharibiwi na jeraha la mgongo. Kinachoharibika ni njia ya kupeleka na kurudisha habari. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na hamu ileile aliyokuwa nayo, lakini mwili wa chini usiitikie kama zamani, au uitikie bila yeye kuhisi.

Miezi ya kwanza mara nyingi hamu hupungua kwa sababu ya maumivu, dawa, huzuni na hofu. Watu wengi hukata tamaa wakati huo, wakidhani hali ya wiki ya sita ndiyo itakayodumu. Baada ya ajali ugwe hupitia kipindi cha kuzizima, ambapo hata miitikio iliyobaki salama haionekani. Kipindi hicho kikipita, baadhi ya miitikio hurudi.

Hisia nazo huhama. Sehemu zilizo juu ya jeraha, kama vile midomo, masikio, shingo, mabega na kifua, na hasa ule mpaka ambapo hisia huishia, huweza kuwa nyepesi kuhisi kuliko zamani. Mafunzo mengi huanza hapo: mtu na mwenzi wake wanahimizwa kuupapasa mwili wote polepole, bila kulenga tendo lenyewe, ili wajue upya ni wapi panahisi, wapi hapahisi na wapi panauma.

Wanaume

Uume husimama kwa njia mbili. Ya kwanza huanzia kwenye fikra, macho au sauti, na amri yake hushuka kupitia neva za kati ya T11 na L2. Ya pili ni mwitikio wa mguso, nayo hupita kwenye kituo kidogo kati ya S2 na S4 bila kuhitaji ubongo. Mwanamume aliyejeruhiwa shingoni au juu ya kifua mara nyingi hupoteza njia ya kwanza lakini hubaki na ya pili. Uume unaweza kusimama kwa kuguswa tu, hata anapooshwa au anapobadilishiwa mpira wa mkojo. Ndugu wanaomhudumia wafahamu kuwa hilo si utovu wa adabu. Aliyejeruhiwa chini kabisa, kwenye S2 hadi S4, anaweza kuwa kinyume chake.

Mara nyingi uume husimama lakini haudumu. Dawa za kundi la sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwasaidia wengi, hasa wale ambao mwitikio wa mguso umebaki. Lakini watu wenye jeraha la juu huwa na shinikizo la damu la chini tangu mwanzo, na dawa hizi hulishusha zaidi. Haziruhusiwi kabisa kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Dawa za "nguvu za kiume" zinazouzwa stendi na minadani bila kujulikana ndani yake kuna nini ni hatari zaidi kwa mtu huyu kuliko kwa mwingine.

Ipo pia pampu ya kuvuta hewa inayotumika pamoja na pete ya mpira kwenye shina la uume. Pete hiyo iondolewe kabla ya dakika 30 kupita. Asiyehisi maumivu hawezi kuonywa na mwili wake, na kujifunga mpira wa kawaida nyumbani kumewahi kuleta majeraha mabaya. Uume uliosimama kwa zaidi ya saa 4 ni dharura ya kwenda hospitali.

Kutoa shahawa ni kugumu zaidi kuliko kusimama kwa uume, kwa kuwa kunahitaji vituo kadhaa vya neva vifanye kazi kwa mpangilio. Wanaume wachache tu wenye jeraha kamili hufanikiwa kwa njia ya kawaida. Wakati mwingine shahawa hurudi nyuma na kuingia kwenye kibofu. Idadi ya mbegu kwa kawaida si tatizo, ila mwendo wake huwa hafifu. Kwa walioumia T10 au juu yake, kifaa cha kutetemesha kinachowekwa kwenye kichwa cha uume hufanikiwa kwa wengi, na shahawa ikipatikana inaweza kuwekwa ukeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe katika siku za rutuba za mke. Jaribio la kwanza la kifaa hicho lifanyike mbele ya mhudumu mwenye mashine ya kupimia presha. Njia hii ikishindikana, hospitali zenye utaalamu huo zinaweza kupata mbegu kwa umeme au kwa upasuaji mdogo. Kwa kifupi, utasa wa mwanamume aliyepooza si jambo la kudhaniwa bila vipimo, na mtoto anayezaliwa katika ndoa hiyo si ushahidi wa uzinzi. Hoja hii ya pili imewahi kuvunja nyumba.

Wanawake

Hedhi inaweza kukoma kwa miezi kadhaa baada ya ajali, kisha hurudi. Uwezo wa kushika mimba haupotei, na mimba inaweza kutungwa hata kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Msichana au mama aliyeambiwa "huwezi tena kuzaa" kwa sababu amepooza miguu ameambiwa jambo lisilo kweli.

Ute wa ukeni hupungua kwa baadhi ya wanawake, na kilainishi cha maji hutosha. Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando hayafai pamoja na kondomu za mpira kwani huziozesha. Kuhusu kufika kileleni, uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa karibu nusu ya wanawake wenye jeraha la uti wa mgongo huweza kufika, ingawa huchukua muda mrefu zaidi. Watafiti Barry Komisaruk na Beverly Whipple walipendekeza kuwa neva ya vagasi, ambayo hutoka ubongoni hadi tumboni bila kupita kwenye ugwe wa mgongo, hubeba sehemu ya hisia hizo hata kwa wenye jeraha kamili.

Katika ujauzito mambo ya kuangaliwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, vidonda vya kulalia kadiri uzito unavyoongezeka, kuganda kwa damu miguuni na, kwa walioumia juu, kupumua kwa shida. Aliyejeruhiwa juu ya T10 anaweza asihisi uchungu. Dalili zake huwa tumbo kukakamaa na kulegea kwa vipindi, miguu kukaza, pumzi kubadilika au jasho la ghafla. Afundishwe kulipapasa tumbo lake mwenyewe katika miezi ya mwisho, na mpango wa mahali pa kujifungulia uwekwe mapema. Upasuaji si lazima kwa sababu tu mama amepooza. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida.

Disrefleksia

Hili ni jambo ambalo elimu hii huokoa nalo maisha. Kwa mtu aliyejeruhiwa T6 au juu yake, kitu chochote kinachosumbua mwili chini ya jeraha huweza kusababisha mishipa ya damu ibane bila ubongo kuweza kuituliza. Kinaweza kuwa kibofu kilichojaa, choo kilichokwama, kidonda, uchungu wa uzazi, kifaa cha kutetemesha au tendo la ndoa lenyewe. Shinikizo la damu hupanda kwa dakika chache. Lisiposhushwa linaweza kuleta degedege, kiharusi au kifo.

Dalili ni kichwa kugonga kwa nguvu, uso na shingo kuwa vyekundu au vya moto, jasho juu ya jeraha, pua kuziba, vinyweleo kusimama na macho kuona ukungu. Moyo mara nyingi huenda polepole.

La kufanya ni kuacha tendo papo hapo, kumkalisha mgonjwa wima na kushusha miguu, kulegeza nguo na mkanda, kisha kutafuta chanzo. Mpira wa mkojo uangaliwe kama umejikunja au umekaliwa. Asiyetumia mpira wa kudumu atolewe mkojo. Hali isipotulia upesi, aende hospitali, na aseme wazi kama ametumia sildenafili, kwa kuwa dawa mojawapo ya kushusha presha hiyo ni naitreti na viwili hivyo havichanganywi.

Kuna mtego wa vipimo hapa. Mtu aliyeumia shingoni huweza kuwa na shinikizo la kawaida la 90 au 100 kwa namba ya juu. Akifika zahanati akiwa na 135, muuguzi asiyejua historia yake atamwambia presha yake ni nzuri, kumbe kwake imepanda hadi kiwango cha hatari. Ongezeko la 20 hadi 40 juu ya kawaida ya mtu mwenyewe linatosha kushuku disrefleksia. Ndiyo maana mgonjwa hushauriwa kutembea na karatasi yenye kiwango cha jeraha, presha yake ya kawaida na maelezo mafupi ya hatua za kuchukua. Katika chumba cha kujifungulia mtego huo huwa mkubwa zaidi, kwa sababu disrefleksia hufanana na kifafa cha mimba. Mara nyingi presha ya disrefleksia hupanda pamoja na kila uchungu na kushuka katikati yake. Dawa ya ganzi ya mgongoni huizuia hata kwa mama asiyehisi maumivu yoyote.

Kibofu, choo, ngozi na kitanda

Hofu ya kujikojolea au kuchafua kitanda huwazuia watu wengi kuliko kupooza kwenyewe. Utaratibu ni rahisi: kibofu kitolewe mkojo kabla ya tendo, choo kiwe na ratiba yake, vinywaji vipunguzwe kidogo saa chache kabla, na taulo liwe karibu. Mpira wa kudumu si kizuizi. Mwanamume anaweza kuukunja kando ya uume na kuvaa kondomu juu yake, na mwanamke anaweza kuubandika tumboni au pajani. Baada ya tendo mpira ukaguliwe.

Ngozi isiyohisi huchubuka bila taarifa. Shuka lililojikunja, mkeka mgumu au kulala upande mmoja kwa muda mrefu huweza kuanzisha kidonda kitakachochukua miezi kupona. Mapaja, makalio na sehemu za siri zikaguliwe kwa kioo au na mwenzi. Mito huwekwa chini ya magoti au kiuno ili kuzuia miguu kukaza, na baadhi ya watu huona urahisi zaidi wakibaki kwenye kiti mwendo kilichofungwa breki.

Kinga na uzazi wa mpango

Kondomu hubaki kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa. Asiyehisi ukeni au uumeni hatapata onyo la maumivu, hivyo uchafu usio wa kawaida, harufu, homa au miguu kuanza kukaza kuliko kawaida huchukuliwa kuwa dalili. Waliotumia mipira ya mkojo kwa miaka huweza kupata mzio wa mpira, na hao huhitaji kondomu za aina nyingine.

Vidonge vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, ambayo kwa mtu asiyetembea tayari ni kubwa. Sindano ya miezi mitatu hupunguza uimara wa mifupa, nayo mifupa ya miguu iliyopooza huwa imeshadhoofika. Kitanzi kinawezekana, ila mwanamke hatahisi kikihama, na kukiweka kwaweza kuamsha disrefleksia. Kijiti cha mkononi huwafaa wengi. Uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe baada ya maelezo, si wa mama mkwe wala wa mhudumu.

Historia fupi

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wengi waliojeruhiwa ugwe wa mgongo walikufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo, hivyo swali la ndoa halikufika. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha kitengo cha majeraha hayo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wagonjwa wakaanza kuishi, na waliobaki hai wakaanza kuuliza. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Mmarekani Jack Annon alitoa utaratibu wa hatua nne ambao bado unafundishwa: kumpa mgonjwa ruhusa ya kulizungumza jambo, kumpa maelezo machache ya msingi, kumshauri kuhusu tatizo lake mahususi na, kwa wachache wanaohitaji, kumpeleka kwa mtaalamu.

Utaratibu huu una faida kubwa mahali penye wataalamu wachache: hatua ya kwanza na ya pili hazihitaji daktari. Muuguzi, mtaalamu wa fiziotherapia au mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii anaweza kusema: "Watu wengi walioumia kama wewe huwa na maswali kuhusu unyumba. Ukiwa nayo, tunaweza kuzungumza leo au siku nyingine." Mgonjwa akikaa kimya, anajua walau kuwa mlango uko wazi.

Tanzania

Wagonjwa wa majeraha ya uti wa mgongo nchini hutibiwa hasa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na hospitali nyingine za rufaa, zikiwemo KCMC ya Moshi na Benjamin Mkapa ya Dodoma. Utafiti wa KCMC uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa katika Mkoa wa Kilimanjaro hujeruhiwa zaidi ya watu 26 kwa kila watu milioni kwa mwaka. Chanzo kikuu, karibu nusu ya visa, kilikuwa kuanguka, kikifuatiwa na ajali za barabarani.  Huku kwetu mti una nafasi yake: minazi na mikarafuu pwani, miti ya matunda na ya malisho bara.

Moshi ina pia chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo, na chama cha watu waliojeruhiwa uti wa mgongo cha Kilimanjaro, KASI. Vyama vya namna hii vina nguvu ambayo hospitali haina, kwa sababu anayefundisha ameshayapitia. Nchini Kenya ipo hospitali ya rufaa ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, jijini Nairobi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 23 ya mkataba inatambua haki ya kuoa, kuolewa na kuamua idadi ya watoto, na ibara ya 25 inataja wazi huduma za afya ya ujinsia na uzazi. Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kubatilishwa kwa ndoa ikiwa mmoja hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa wakati wa kufunga ndoa. Ajali iliyotokea baadaye haiingii katika kifungu hicho. Wanandoa wengi, na wazee wanaowasuluhisha, hawajui tofauti hiyo.

Mfano wa Kintinku

Kintinku iko bondeni, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Bahi na mji wa Manyoni. Reli ya Kati na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida hupita hapo. Wenyeji wengi ni Wagogo, wakulima na wafugaji. Kazi za eneo hilo zina ajali zake: kupanda mibuyu, kutundika na kurina mizinga ya nyuki, kusafiri kwa bodaboda, na kuishi kando ya barabara ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo.

Aliyevunjika mgongo huko husafiri kwa hatua. Huduma za karibu ni za kata yenyewe, kisha hospitali ya wilaya Manyoni au hospitali ya Kanisa Anglikana ya Mtakatifu Yohana huko Kilimatinde, juu ya ukingo. Kwa upasuaji huenda Dodoma au mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mke au mama humfuata kwa muda, halafu fedha huisha. Mgonjwa akiruhusiwa hupewa tarehe ya kliniki ambayo nauli yake, kwa mtu wa kubebwa, ni ngumu kupatikana. Kwa hiyo elimu isiyotolewa wodini kabla ya kuruhusiwa inaweza isitolewe kamwe. Kama ni lazima kuchagua, mambo ya kumwambia kabla hajapanda basi ni manne: kiwango cha jeraha lake, dalili za disrefleksia, kwamba anaweza kuzaa, na kwamba aulize bila haya.

Nyumbani swali la nani azungumze lina uzito wake. Katika jamii nyingi za Tanzania, mambo ya chumbani hayasemwi kati ya mzazi na mwana wala kati ya mkwe na mkwe, ilhali mara nyingi mama mzazi ndiye anayemwogesha mwanawe aliyepooza. Lakini babu na bibi wana utani na wajukuu, na marika husemezana. Mhudumu kijana anayetaka kumfundisha mzee wa umri wa baba yake atafika mbali zaidi akipitia kwa mtu wa rika la mzee huyo, au kwa mtu mwingine aliyejeruhiwa. Viongozi wa dini nao hufuatwa mapema kwa ushauri wa ndoa, hivyo kuwaeleza ukweli wa kitabibu huzuia ushauri wa kuachana unaotokana na kutojua.

Kumtegemea mwingine kwa kuoga na kuvaa humweka mtu, hasa msichana, katika hatari ya kuingiliwa na anayemhudumia. Elimu hii inapaswa kutaja wazi kwamba kuoshwa si ridhaa, na kwamba Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi hupokea malalamiko hayo. Mwenzi naye ana haki ya kusema amechoka. Panapowezekana, kazi ya kuosha vidonda na kutoa choo ifanywe na ndugu mwingine, ili mke asigeuke kuwa muuguzi saa zote, wala mume vilevile.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: mipira ya mkojo, glavu, kilainishi, kondomu, kioo na godoro linalofaa. Mpira wa kutoa mkojo kwa vipindi huhitaji mikono safi, na mahali maji yanapochotwa mbali hilo si jambo dogo. Mradi wa maji wa Kintinku–Lusilile, uliopangwa kuhudumia vijiji 11, hautajwi popote kama mradi wa watu waliopooza, lakini bomba lililo karibu na nyumba hupunguza maambukizi ya mkojo, na mtu asiye na homa wala harufu ya mkojo hulala karibu na mwenzi wake bila wasiwasi.